Mbuzi Tumboni mwa Hajati

Kwetu mwanamke hakuhitaji gazeti ili ajue hali ya kiwanda. Alianika shuka asubuhi, akaianua adhuhuri, akaitazama. Ikiwa nyekundu kama hina, basi Hajati amekula akashiba. Ikiwa ya waridi, makaa yamechelewa bandarini. Ikirudi nyeupe kama ilivyoanikwa, alikaa kitako akaanza kujiuliza unga uliomo ndani utafika lini mwisho wake. Wapo wanaosema hata kunguru wa mji ule walianguliwa wekundu, na kwamba mmoja alipohamia Kairo wenzake wa huko walimkimbia wakidhani ni mwewe wa serikali. Habari ya kunguru ina mashahidi watatu: wawili wamekufa, wa tatu ni muuza samaki.

Hajati lilikuwa jina la tanuri. Ndivyo wafanyakazi walivyoliita kwa kuwa lilikuwa pana, la kizamani, lenye joto, na halikukubali kuharakishwa na mtu. Lilisimama juu ya mji kwa kimo cha nyumba ya ghorofa ishirini, likimeza mawe mekundu na makaa kwa juu, na kutoa chuma kilichoyeyuka kwa chini. Aliyekuwa karibu naye zaidi ya wote ni Fathallah Bayumi, msimamizi wa tundu la chuma, mtu mfupi wa miaka hamsini na tisa ambaye nyusi zake ziliungua mara nyingi hata zikakata tamaa ya kuota. Kila baada ya saa nne yeye na vijana wake walilitoboa tundu kwa kekee, wakakiacha chuma kishuke kwenye mfereji, kisha wakaliziba kwa udongo. Alikisoma chuma kwa jicho, kupitia kioo cha buluu. Siku moja kililetwa kipimo cha umeme kutoka Ujerumani. Kikatofautiana na Fathallah, na wahandisi wakakirekebisha kipimo.

Alipoajiriwa walikuwa watu elfu tisa, na treni ya zamu ilikuwa na mabehewa kumi na mawili. Mwaka huu ninaousimulia walibaki mia saba, na reli ilikuwa imeota majani wanayoyapenda mbuzi wa majirani. Hakukuwa na siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole akasema, hii ndiyo iliyotuua. Mawe ya chuma kutoka jangwani yalizidi kuwa hafifu. Makaa yalizidi kuwa ghali. Chuma cha wageni kiliteremshwa bandarini kwa bei ambayo kwetu isingenunua hata hayo makaa. Mhandisi akistaafu hakuletwa mwingine. Mashine ikifa ilichunwa vipuri ikalishwa mashine iliyobaki. Mawaziri walikuja, wakavishwa kofia ngumu, wakapigwa picha, wakaondoka na vumbi kwenye viatu. Hicho ndicho kitu pekee walichochukua kwetu.

Kisha ikaja barua ya kamati ya ufilisi: Alhamisi, saa sita mchana, upepo unaopuliziwa tanuri ufungwe.

Fathallah aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, akaona imesahau kitu. Haikusema lolote kuhusu mbuzi.

Tanuri haliwi tupu hata siku moja. Chini ya tundu la kutolea chuma, kiasi cha kimo cha mtu, kuna chuma kinachobaki kikichemka humo miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa hakina pa kutokea. Upepo ukifungwa nacho kimo ndani, kinaganda kuwa jiwe moja la tani mia nne lililoyakumbatia matofali. Warusi waliokuja kuwafundisha wazee wetu kazi waliliita jiwe hilo mbuzi. Kwa nini mbuzi, hawakusema, na jina likabaki. Tanuri lenye mbuzi tumboni haliwashwi tena abadani. Lakini tanuri lililotolewa mbuzi wake kabla ya kuzimwa, hata likilala miaka kumi, unaweza kulitia matofali mapya, ukalipasha pole pole siku ishirini, likaamka.

Hilo ndilo alilolitaka Fathallah, na hakutaka kingine. Alikuwa na hakika kwamba siku moja watamhitaji Hajati tena. Bei hubadilika, alisema, serikali hubadilika, na mawaziri ndio usiseme. Hajati alale, lakini asife.

"Alale, umwamshe wewe?" mkewe Inshirah alimuuliza, akimmiminia chai. "Miaka thelathini na nne nafua vumbi la mwanamke mwingine kwenye shuka zangu. Sasa serikali imempa talaka kwa niaba yangu, wewe unataka kumkalisha eda ili umrudie."

"Mama Nahid, wewe huelewi mambo ya chuma."

"Naelewa mambo ya wanaume. Barua yako ya kustaafu imekuja, ikamate. Wenzako wote wamekamata."

"Wamekamata barua, mimi nimekamata jambo."

"Basi likamate vizuri, baba Nahid, usije ukaungua na ndevu. Nyusi tumeshazisamehe."

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa mfilisi. Mfilisi alikuwa kijana nadhifu aitwaye Ragai Wasfi, mwenye shati jeupe ambalo mji mzima ulikuwa ukilisubiri kwa hamu libadilike rangi. Fathallah hakwenda peke yake. Alikwenda na Shenuda Bushra, mpiga kekee wa zamani, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa kwa kelele za upepo na la kulia lilisikia lilichotaka.

"Siku mbili," Fathallah alisema. "Mitungi sitini ya oksijeni na watu arobaini. Tutoboe chini kabisa, tumtoe mbuzi, halafu funga upepo wako kwa amani."

"Fundi," mfilisi alisema, "tanuri limekufa. Maiti unamtoa utumbo wa nini?"

"Maiti huoshwa, mheshimiwa. Kwenu haoshwi?"

"Kumwosha ni ndoo mbili za maji. Wewe unataka mitungi sitini."

"Maiti mkubwa."

Mfilisi alicheka kidogo, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwenye adabu. Akaeleza kwamba amri inasema Alhamisi, kwamba hana fungu la siku mbili, na kwamba kufufua mitambo si kazi aliyotumwa. Fathallah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama dirishani, ambako Hajati alikuwa akifuka moshi hatua mia mbili tu kutoka mezani pale, akashusha pumzi.

"Sawa, mheshimiwa. Basi angalau hamisha ofisi."

"Nihamishe ofisi kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbuzi. Maji ya kupozea huvuja, hilo kila mtu analijua. Mbuzi juu anaganda, moyo unabaki moto. Maji yakiufikia moyo..." Fathallah alifungua viganja polepole, kama mtu anayemwachia njiwa. "Kuna mji ng'ambo ya bahari, mbuzi alikaa kimya miezi saba. Wa nane, saa ya chai, akatoka. Kofia ya mkurugenzi iliokotwa mji wa pili."

"Na mkurugenzi?"

"Walikuwa bado wanamtafuta mara ya mwisho nilipoulizia."

Mfilisi alikitazama kikombe chake cha chai. "Na huyu wa kwetu moyo wake unapoa lini?"

"Kwa hesabu yangu, baada ya Ramadhani."

"Ya mwaka kesho," Shenuda alisema kutoka mlangoni.

"Wewe si wanasema husikii?" mfilisi alimgeukia.

"Eeh?" Shenuda alisema.

Habari ile ya maji na moyo ilikuwa na ukweli wa kujaza kijiko. Sufuria iliyobaki ilikuwa mchuzi wa Fathallah. Mfilisi alizunguka na kalamu mkononi, akaenda dirishani, akarudi. "Siku mbili," alisema. "Upepo utafungwa Jumamosi saa sita. Nisisikie dakika juu yake."

Kupata watu arobaini ndiko kulikokuwa kazi. Zamu nzima ilikuwa na watu ishirini na sita, nusu yao wa stoo. Fathallah alipanda baiskeli akazunguka mtaa wa nyumba za wafanyakazi. Mmoja wa vijana wake wa zamani alikuwa dereva wa bajaji, mwingine anauza vifuniko vya simu, mwingine amefungua kibanda cha maharage na wanamsifu kwamba hayaungui kamwe. Mtu aliyelinda moto wa Hajati atashindwaje na jiko la gesi? Hakuwaeleza mengi. Aliwaambia, "Tunamtoa mbuzi," akaendelea na baiskeli yake. Alhamisi alfajiri langoni walifika hamsini na mmoja, mmoja wao na mkongojo.

"Wewe utafanya nini na hicho kijiti, Zaghlul?" Shenuda alimuuliza.

"Nitakuonyesha pa kutoboa, kiziwi wewe. Nilikuwepo matofali yakipangwa."

"Ulikuwepo ukipika chai."

"Chai ilipikwa karibu na matofali."

Walishuka chini ya tanuri, mahali ambapo watu hawakai. Walivaa makoti yaliyoloweshwa maji, wakabadilishana kila dakika tano, na anayetoka alimwagiwa ndoo na akafuka mvuke kama kuku aliyetoka chunguni. Mchoro wa wahandisi ulionyesha pa kutoboa. Walitoboa tangu saa moja asubuhi, unene wa mikono mitatu ya matofali, mpaka saa tisa alasiri. Kekee ilipopita, hapakutoka kitu. Tundu lilikuwa kavu kama koo la aliyefunga saumu.

Mhandisi wa zamu aliutazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena. Shenuda alisogea akaweka paji la uso kwenye bamba la tanuri, mahali ambapo mtu mwingine asingeweka hata kisigino, akalitoa upesi.

"Yuko chini zaidi," alisema. "Ameshuka. Miaka yote hii alikuwa analala mahali pamoja anachimba kitanda."

"Kiasi gani?" Fathallah aliuliza.

"Shibiri mbili."

"Tatu," Zaghlul alisema, akagonga kwa mkongojo.

"Mbili na nusu," Fathallah alisema, na wakaanza upya. Mhandisi aliukunja mchoro wake akautia mfukoni, akashika zamu yake ya dakika tano kama wengine. Baadaye walimpenda kwa hilo.

Ijumaa, muda kidogo baada ya sala, matofali ya mwisho yalikatika kwa moto wa oksijeni na mbuzi akatoka. Chuma cha tundu la kila siku hutoka kwa haraka na cheche, kama mtoto anayetoka shule. Hiki kilitoka kizito, bila cheche, cheupe kwanza kisha cha rangi ya chungwa, kikajaza mfereji wa mchanga walioutengeneza, kikaendelea saa baada ya saa. Kulikuwa na nuru kali hata, wanasema, kivuli cha Zaghlul kikaungua ukutani na mkongojo wake, nacho kilibaki pale baada ya mwenyewe kwenda nyumbani kula. Wanawake walileta mikate na jibini na vitunguu. Watu walikula wamesimama, wakitazama. Hakuna aliyetoa hotuba. Jua lilipokaribia kutua, mkondo ukawa mwembamba kama kamba, kisha kama uzi, ukakohoa mara mbili, ukakatika.

Fathallah alichungulia kwa kioo cha buluu. "Tupu," alisema.

Jumamosi saa sita mchana upepo ulifungwa. Mlio wa Hajati ulikuwa haujawahi kunyamaza maisha ya wengi waliozaliwa pale. Watoto wachanga mji mzima walilia kwa pamoja, kwa kuwa hawakujua kulala bila mlio, na mzee mmoja aliyekuwa akipunga upepo barazani alidhani amekufa, akaanza kutamka shahada, mpaka mkewe alipomwambia aache makelele.

Baada ya siku arobaini tanuri lilikuwa limepoa. Fathallah aliingia kupitia shimo la pua ya upepo, akashuka kwa ngazi ya kamba hadi tumboni. Alikuwa na taa na ufagio. Alifagia makapi na majivu, akapapasa matofali moja moja, akaandika kwa chaki yale yanayohitaji kubadilishwa: kumi na saba upande wa mto, tisa upande wa jangwa. Si mengi. Kwa miaka miwili iliyofuata alikwenda kila Jumanne. Mlinzi wa lango alikuwa mtoto wa rafiki yake, akampa njia. Alipaka grisi bawaba za milango, akaziba mahali penye njiwa, akarudi.

"Habari zake?" Inshirah alimuuliza kila Jumanne jioni, kama mtu anayeulizia mgonjwa wa jirani asiyempenda.

"Mzima."

"Mwaka huu nimenunua shuka nyeupe. Zimebaki nyeupe. Sijui nizifanye nini."

Uvumi ulikuwepo. Mara Wachina wanakuja kuwasha, mara Wahindi, mara mtu wa Ghuba mwenye ndege tatu. Fathallah alikuwa tayari kwa yeyote kati yao. Aliandika kwenye daftari siku ishirini za kupasha moto, siku kwa siku, joto kwa joto, kwa mwandiko ambao hata Mchina angeuelewa.

Aliyekuja alikuwa Haji Mitwalli wa Suez, mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Alikuja Jumanne, na malori sita, kreni mbili na watu wenye mitungi ya kukatia. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mfereji. Alimkuta Fathallah na Shenuda wamekaa kwenye ngazi za tanuri, kopo la grisi katikati yao. Mlinzi alimwambia hawa ni wazee wa hapa, wanalijua tanuri kuliko mama zao.

"Salamu alaykum, wazee wangu! Basi niambieni, ni nani aliyemtoa mbuzi?"

Shenuda alimgeuzia sikio la kushoto.

"Nauliza kwa heri, wallahi. Nataka nimbusu kichwa. Juzi nilituma mtu wangu aingie, akaniambia, Haji, ni safi, unaweza kula humo ndani. Nikamwambia unaota. Nikaja mwenyewe, nikakuta pamefagiwa! Pamefagiwa, jamani!" Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mkataba wangu una sharti, mimi si mtoto. Nimewaambia kamati: mkiwa na mbuzi ndani, sivunji. Nachukua mabomba ya pembeni naondoka, tanuri nawaachia. Niliacha moja huko kaskazini, tani mia tano ndani, baruti haikuligusa, msumeno haukuligusa. Litasimama pale mpaka parapanda. Lakini hili? Hili ni kopo tupu. Mwezi mmoja naligeuza nondo."

Alisubiri. Kisha akaona watu hawa labda hawasikii vizuri, akawapa kila mmoja sigara, akaenda kupanga malori yake.

Shenuda aliitazama sigara. Alikuwa hajavuta miaka kumi na tano.

"Fathallah," alisema. "Alhamisi ile tungelala nyumbani, angesimama."

"Angesimama maiti."

"Angesimama."

Fathallah alifunga kopo la grisi, kifuniko hakikukaa sawa, akakifungua akakifunga tena. Juu yao njiwa mmoja alikuwa amepata tena njia ya kuingia.

Nyumbani alimweleza Inshirah, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo lilimtisha kidogo. Alimsubiri amcheke. Inshirah hakucheka. Alimwekea chakula, akakaa mkabala naye, akamenya chungwa, akampa nusu.

"Kazi yenyewe mliifanya vizuri," alisema.

"Ndiyo iliyomuua."

"Sijasema haikumuua. Nimesema mliifanya vizuri."

Jumatano Fathallah hakutoka. Alhamisi asubuhi alisikia kutoka upande wa kiwanda mlio wa msumeno wa moto, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza upepo, na uso wake ukabadilika. Alivaa koti, akachukua kofia ngumu msumarini, akatoka bila kunywa chai.

"Unakwenda kulala mbele ya malori?" Inshirah alimwita kutoka dirishani.

"Wanaanzia miguuni!" alijibu, tayari yuko juu ya baiskeli. "Punda wale wanaanzia miguuni!"

Na kweli. Watu wawili wa Haji Mitwalli walikuwa wamepiga magoti chini, wanakata nguzo ya upande wa mto, na juu yao lilining'inia bomba la upepo lenye uzito wa treni, lililoshikwa na nguzo ile ile. Fathallah aliangusha baiskeli. Aliwatukana kwa matusi ya tanuri, ambayo ni ya kale na hayaandikiki, mpaka mioto ikazimwa na Haji mwenyewe akaja mbio akishika kanzu yake.

"Kuna nini, mzee wangu? Mkataba ninao!"

"Kaa na mkataba wako. Ukikata hii, bomba linashuka, linawachukua hawa wawili na kreni yako. Nani kakufundisha kuvunja tanuri? Unachinja ng'ombe kwa kuanzia mkia?"

Haji alitazama juu.

"Sasa tuanzie wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Watu wote walikuwa wanamtazama Fathallah. Angeweza kusema uongo wowote siku ile nao wangeuamini. Alikuwa nao wa kutosha, wa mbuzi na wa milipuko na wa kofia zinazoruka mto, na wale wangepanda malori yao warudi Suez. Labda kwa wiki moja. Labda kwa mwezi. Kisha wangerudi, wao au wengine, na wangeanzia miguuni.

Alifungua ukanda wa kofia, akaufunga upya chini ya kidevu, akajaribu ngazi ya kwanza kwa mguu.

"Juu," alisema. "Kofia ya tanuri kwanza, halafu mabomba, halafu mabamba kutoka juu kushuka, pete kwa pete. Na mtu asikate mpaka nimwambie. Nifuateni."

Akapanda mbele yao.